Kwa Nini Kiwavi wa Kijani Hugeuka Mweusi

Msomaji mmoja, mkulima wa mahindi na mtama, ameniandikia barua ndefu yenye malalamiko. Asema kwamba mvua zilipoanza aliona viwavi wachache wa kijani katika majani ya malisho, mpakani mwa shamba lake na shamba la jirani. Hakuwajali, kwa maana walikuwa wachache, nao walijificha chini penye mashina. Siku chache baadaye shamba likajaa viwavi weusi wenye mistari ubavuni, wakitembea mchana kweupe kwa maelfu, na mahindi yakabaki vijiti. Tangu hapo yeye na jirani yake hawasalimiani. Yeye ashikilia kwamba weusi walitoka kwa jirani, kwa kuwa wake mwenyewe walikuwa wa kijani. Na jirani naye asema vivyo hivyo kwa upande wake. Wamefika hata mbele ya wazee, na wazee hawakujua la kuamua. Basi naulizwa: je, hao ni wadudu wa aina mbili au wa aina moja?

Ni wa aina moja. Na kwa kuwa jambo hili limekwisha kuwagombanisha watu wawili waliokuwa wakikopeshana jembe, naomba radhi kwa wasomaji wengine nikilieleza kwa urefu. Tena jibu lake lafungua mlango wa swali kubwa zaidi, yaani, rangi za viwavi na za vipepeo zilitoka wapi.

Mdudu huyu ndiye kiwavijeshi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Spodoptera exempta. Mama yake ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, arukaye usiku, ambaye mkulima akimwona penye taa hamdhanii kuwa na madhara yoyote. Nondo hao huchukuliwa na upepo mbali sana, hata mamia ya maili, na palipo na mvua za ngurumo upepo huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Hapo majike hutaga mayai yao kwa mamia. Ndiyo sababu viwavijeshi huonekana kama waliomwagwa kutoka mbinguni mara baada ya mvua za kwanza, na ndiyo sababu wilaya moja yaweza kuharibiwa na ya pili isiguswe.

Wakianguliwa wachache, kila mmoja mbali na mwenzake, hukua wakiwa wa kijani au wa rangi ya udongo. Hushinda wamejificha chini ya majani, hula polepole, wala hawaendi mbali. Lakini wakianguliwa wengi, hata wakawa wanagusana kila wageukapo, basi wakisha kujivua ngozi mara mbili au tatu hutoka weusi kama mahameli, wenye mistari myeupe ubavuni na tumbo la kijani au la manjano. Na tabia hugeuka pamoja na rangi. Weusi hupanda juu ya majani mchana, hula kwa haraka, na chakula kikiisha huondoka pamoja kama askari, wote wakielekea upande mmoja.

Mtu asiyeamini aweza kupewa ushahidi. Twaa mayai ya nondo mmoja, uyagawe mafungu mawili. Walioanguliwa katika fungu la kwanza walelewe kila mmoja katika chupa yake. Wa fungu la pili wasongwe pamoja katika chupa moja. Hao wa kwanza watakuwa wa kijani, na hao wa pili watakuwa weusi, ingawa mama ni mmoja. Habari hii ilielezwa mwaka 1943 na Profesa J. C. Faure wa Afrika Kusini, mtu ambaye alikuwa amekwisha kuchunguza nzige kwa miaka mingi. Na juu ya nzige, Bwana Boris Uvarov alikuwa ameonyesha mwaka 1921 kwamba yule nzige mpole akaaye peke yake na yule mwenye kuruka katika wingu la kuziba jua ni mdudu mmoja, ambaye msongamano humgeuza rangi na tabia. Wale waliopigana na nzige katika nchi yetu mwaka 2020 wayajua hayo kwa macho yao.

Sasa, weusi huo wamfaa nini? Kwanza, kitu cheusi hunyonya joto la jua. Kila mtu aliyekanyaga barabara ya lami mchana bila viatu alijua hilo bila kufundishwa. Kiwavi hana moto ndani ya mwili wake kama sisi. Akipata joto la jua hula upesi na kukua upesi. Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo haikutambuliwa vizuri mpaka miaka ya 1990. Penye msongamano pana maradhi. Viwavijeshi wana ugonjwa wao wa virusi ambao huwageuza kuwa maji machafu wakining'inia majanini, na mmoja akipasuka huwaambukiza wote walao jani lile. Wachunguzi waliwapa viwavi wa kijani na viwavi weusi virusi kwa kipimo sawa, wakaona kwamba weusi hufa wachache zaidi. Ile rangi nyeusi, iitwayo melanini, huimarisha ngozi ya mdudu, na ndani ya mwili hutumika kuvifungia vijidudu vya ugonjwa kama mtu ajengaye ukuta kuzunguka moto. Kwa hiyo kiwavi aguswapo na wenzake wengi hupata habari kwamba maradhi yako karibu, naye huvaa silaha kabla ya vita.

Mtu aweza kuuliza, mbona basi wote wasiwe weusi siku zote? Kwa sababu weusi una gharama. Kuutengeneza kwahitaji chakula ambacho kingalimkuza mwili, na kiwavi mweusi juu ya jani la kijani huonekana na kila ndege apitaye. Akiwa peke yake, afadhali ajifiche. Wakiwa laki moja, ndege hushiba wakasaza.

Kwa mkulima, maana yake ni hii. Ukiona viwavi wa kijani wachache katika nyasi, usiseme ni wengine. Watazame kila asubuhi, wafunue majani, uhesabu. Wakiwa wadogo bado, wasiozidi urefu wa ukucha wa kidole, hula kidogo sana. Sehemu kubwa ya mahindi yako huliwa katika siku za mwisho kabla hawajaingia udongoni, na hapo hata dawa huwa umechelewa kuinunua. Mpelekee bwana shamba habari mapema. Tangu miaka ya 1960, wachunguzi waliokuwa Muguga, karibu na Nairobi, waliweka mitego ya taa mahali pengi katika Afrika ya Mashariki ili kuhesabu nondo na kutabiri mahali viwavi watakapotokea. Baadaye ikaja mitego itumiayo harufu ya jike kuwavuta madume. Maharagwe na viazi usihofie, maana mdudu huyu hula jamii ya nyasi tu: mahindi, mtama, mpunga, ngano, miwa na malisho ya ng'ombe. Wala usimchanganye na yule mgeni aliyetoka Marekani, aliyeonekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Yule huingia katika moyo wa mhindi na kukaa humo, hana desturi ya kuandamana kama jeshi, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba.

Basi kati ya majirani wawili hapana aliyempelekea mwenziwe kitu. Upepo ndio uliowaletea wote wawili, na wingi ndio uliowatia weusi.

Lakini swali kubwa bado. Kiwavi huyu amegeuka rangi katika maisha yake mwenyewe. Je, uwezo huo wa kugeuka aliupata wapi? Na wale viwavi wengine, wa manjano na weupe na wekundu, ambao hawageuki hata wakiwa peke yao, walipata wapi rangi zao?

Swali hili lilimsumbua hata Bwana Charles Darwin. Yeye alikuwa amekwisha kueleza kwamba rangi nzuri za wanyama wengi, kama mkia wa tausi, zilikua kwa sababu majike hupendelea madume yaliyopambwa. Lakini kiwavi haoi wala haolewi. Yeye ni mtoto. Hana mchumba wa kumpendeza. Mbona basi wengine hupambwa kuliko bibi arusi? Rafiki yake Bwana Henry Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon, alimweleza habari za kiwavi mmoja wa Amerika ya Kusini, urefu wake inchi 4, mwenye pingili nyeusi na manjano, kichwa na miguu na mkia vyekundu, aliyekaa wazi juu ya jani la kijani. Bates hakuwa na jibu, akamshauri Darwin amwulize Bwana Alfred Russel Wallace. Hiyo ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 1867.

Wallace hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alianza kazi akiwa mpima mashamba, na maarifa yake aliyapata kwa kusoma usiku na kutembea misituni. Jibu lake lilikuwa rahisi hata mtu hushangaa kwamba wakubwa walilikosa. Alisema, viwavi wa namna ile bila shaka ni wachungu au wana sumu. Lakini uchungu peke yake haumwokoi kiwavi, maana ngozi yake ni laini na mwili wake umejaa maji. Ndege akimdonoa mara moja tu, akamtema, kiwavi amekwisha kufa. Yampasa ndege ajue kabla ya kudonoa. Basi rangi ni kama kibao cha hatari kilichowekwa mlangoni.

Maneno mazuri, lakini maneno matupu si ushahidi, na Wallace alilijua hilo. Aliwaomba watu wenye ndege wafanye majaribio. Bwana John Jenner Weir, aliyefuga ndege wengi katika kizimba kikubwa, akawapa viwavi wa kila namna, na mwaka 1869 akatoa taarifa yake: wale laini wa kijani na wa hudhurungi, ambao hujificha, ndege waliwala kwa furaha, wale wenye rangi kali na wale wenye manyoya waliwaacha. Mimi napenda sana habari hii, kwa sababu mtu alikisia, akasema wazi jinsi ya kumkanusha, na mwingine akaenda akapima.

Sasa niseme jinsi rangi inavyojengeka kizazi kwa kizazi, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kiwavi mchungu hakuketi akaazimu kuwa wa manjano. Katika kila kizazi watoto hutofautiana kidogo, na tofauti nyingine hurithiwa. Ndege huondoa wengine na kuacha wengine. Walioachwa ndio wazazi wa kizazi kijacho. Hayo yakirudiwa miaka elfu na elfu, rangi hugeuka bila kiwavi yeyote kujigeuza.

Na mara nyingine hata miaka elfu haihitajiki. Kule Uingereza yuko nondo aitwaye Biston betularia, mweupe mwenye vumbi la madoa meusi, ambaye hulala mchana juu ya magome ya miti. Mwaka 1848 mmoja mweusi kabisa alikamatwa mjini Manchester, mji wa viwanda vya nguo, ambapo moshi wa makaa ulikuwa umeitia miti masizi. Kufikia mwaka 1895, katika kila nondo 100 wa pale wapatao 98 walikuwa weusi. Mweupe juu ya gome jeusi alionekana kama kanzu gizani, na ndege walimla. Baada ya sheria ya mwaka 1956 ya kusafisha hewa, miti ikarudi rangi yake polepole, na weusi wakapungua mpaka wakawa adimu. Daktari Bernard Kettlewell alifanya majaribio juu yao mwaka 1953 karibu na Birmingham. Na watu walipotilia shaka njia zake, Profesa Michael Majerus alirudia kazi hiyo huko Cambridge tangu mwaka 2001 hata 2007, akiwaachilia nondo 4,864. Akaona kwamba ndege kweli huwala zaidi wale wanaoonekana. Weka habari ya nondo huyu karibu na ile ya kiwavijeshi, utaona njia mbili: kiwavijeshi mmoja hugeuka katika siku zake mwenyewe, kati ya hao nondo hakugeuka hata mmoja, bali kabila zima liligeuka.

Turudi nyumbani, katika mlimau ulio karibu na mlango wa jikoni. Wengi wetu tumewahi kuona juu ya majani yake machanga kitu kama mavi ya ndege, cheusi na hudhurungi chenye baka jeupe, kinachong'aa kama kibichi. Ukikigusa chatikisika. Huyo ni kiwavi wa kipepeo mkubwa wa manjano na mweusi, aitwaye Papilio demodocus, apendaye michungwa, milimau na midimu. Ndege hawatafuti chakula katika mavi, naye hukaa juu ya jani mchana bila hofu. Lakini hila hii ina mpaka wake: hapana ndege mdogo atoaye mavi ya urefu wa kidole. Kiwavi akinenepa, hila ile ingemfichua. Kwa hiyo akijivua ngozi mara ya nne hutoka amebadilika kabisa: wa kijani, mwenye mikanda ya hudhurungi iliyokatika-katika, na juu ya mabega alama mbili kama macho. Akisumbuliwa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini, nyekundu kama chungwa lililoiva sana, zenye harufu mbaya ya kukera pua. Mtoto aliyechokoza mmoja kwa kijiti hasahau harufu ile.

Nani humwambia kiwavi kwamba saa ya kuvua kanzu ya mavi imefika? Wajapani wawili, Futahashi na Fujiwara, walimchunguza ndugu yake wa kwao, Papilio xuthus, mwaka 2008. Waligundua kwamba katika damu ya kiwavi mdogo kuna homoni ya utoto, nayo inapopungua, ngozi ifuatayo huandaliwa kuwa ya kijani. Walipompaka kiwavi homoni hiyo wakati wake wa kupungua, alijivua akatoka tena na sura ya mavi ya ndege, mkubwa lakini mwenye nguo za mdogo. Baada ya kijani huja hatua ya kujifunga kwenye kijiti na kutulia kama mfu, ambayo wataalamu huiita pupa, ingawa mwenye pupa ya kula alikuwa yule wa kwanza! Hata hapo rangi hufuata mahali: wa kijani penye majani mabichi, wa hudhurungi penye kijiti kikavu. Mwenye mche mdogo wa mchungwa na awaokote kwa mkono, kwa maana viwavi watatu waweza kuumaliza. Mwenye mti mkubwa hana haja ya dawa.

Sasa vipepeo. Yuko mmoja ambaye kila mtu wa Kenya amemwona, pwani na bara, wa rangi ya machungwa, arukaye polepole kama mtu asiye na deni. Jina lake ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake ana pingili nyeusi, nyeupe na manjano, na jozi tatu za pembe nyeusi, naye hula magugu yale yenye utomvu mweupe ambayo ng'ombe huyaepuka. Sumu ya magugu, iharibuyo moyo, huiweka mwilini, na kipepeo huirithi kutoka kwa kiwavi. Bwana Lincoln Brower wa Marekani alilithibitisha jambo hili miaka ya 1960 kwa ndugu mkubwa wa kipepeo huyu, aliyepo kwao. Aliwalea wengine kwa magugu yao yenye sumu, na wengine, kwa taabu nyingi, kwa kabichi. Ndege waliokula wa kabichi walishiba. Waliokula wa magugu walitapika, na baada ya hapo hawakutaka hata kumtazama kipepeo wa rangi ile.

Palipo na jina zuri hapakosi mwenye kulitumia bila haki. Hypolimnas misippus ni kipepeo asiye na sumu ile. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yenye ukingo wa zambarau. Jike lake, kinyume chake, limevaa rangi ya machungwa sawasawa na Danaus, hata urukaji wake wafanana. Bates ndiye aliyeeleza wizi wa namna hii mwaka 1862, kwa vipepeo wa Amazon. Na Afrika yetu ndiyo yenye mwizi mkuu kuliko wote, Papilio dardanus. Dume lake ni la manjano hafifu, lenye mikia miwili. Majike yake ni ya namna nyingi, mengi hayana mikia kabisa, na kila namna humwiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Hapo zamani wataalamu waliyapa majina mbalimbali kama kwamba ni makabila mbalimbali, mpaka mwaka 1869 Bwana Roland Trimen, mtumishi wa serikali huko Cape, alipoonyesha kwamba wote ni kipepeo mmoja. Huko Madagascar, jike limebaki na sura ya dume. Sisi makarani twafurahi kusikia kwamba mwenzetu aliyashinda makabati ya Ulaya.

Habari moja ya kipepeo huyu yatuhusu hasa. Daktari Hale Carpenter, aliyekuja Uganda kwa ajili ya maradhi ya malale, na wenzake wa Kenya walikusanya wengi. Karibu na Entebbe, ambapo vipepeo wenye sumu ni wengi, waigaji walikuwa karibu wote sahihi. Karibu na Nairobi, ambapo wenye sumu walikuwa wachache, waigaji wenye makosa katika nakala walikuwa wengi zaidi. Nayo yafaa kutarajiwa: ndege asiyewahi kuijua sahihi hawezi kuikataa ya bandia.

Baada ya vita vya pili, daktari wa Liverpool, Cyril Clarke, pamoja na Profesa Philip Sheppard, walizalisha vipepeo hao ili kujua jinsi rangi zinavyorithiwa. Clarke akaona kwamba urithi ule unafanana na urithi wa namna fulani za damu ya binadamu, zile ambazo zisipopatana baina ya mama na mtoto aliye tumboni humuua mtoto. Fikira zile zilimsukuma yeye na wenzake kutafuta kinga, na katika miaka ya 1960 sindano ya kuwakinga akina mama hao ikapatikana. Leo mama mwenye damu ya namna hiyo huchomwa sindano hiyo hospitalini, na watoto wengi wa dunia wanaishi kwa sababu mtu mmoja alitaka kujua kwa nini majike ya kipepeo hayafanani.

Na hapa Nairobi penyewe pana fumbo jipya. Danaus wa kaskazini na mashariki, asiye na ncha nyeusi na nyeupe katika bawa, hukutana hapa na wale wa kusini na magharibi wenye ncha hiyo. Wachunguzi waliona kwamba mama wengi wa hapa huzaa mabinti watupu. Sababu ni bakteria aitwaye Spiroplasma, aishiye ndani ya mama na kuwaua wana wa kiume wakiwa bado mayaini. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba katika mama hao kromosomu ya jike imeungana na ile yenye jeni ya rangi ya bawa, na hivyo jeni hiyo ya rangi na ugonjwa husafiri pamoja kutoka kwa mama hata kwa binti.

Nafasi yangu yaelekea kwisha, nami sijagusa wale wabadilio nguo kwa majira. Mmoja tu nimtaje, kwa kuwa wasomaji wa nyanda za juu waweza kumwona: Precis octavia. Wa masika ni mwekundu wa machungwa mwenye madoa meusi. Wa kiangazi ni wa buluu yenye giza. Mwaka 1898 Bwana Guy Marshall, huko Salisbury, mji uitwao sasa Harare, alilea mayai ya wekundu na kupata wa buluu. Baridi na joto la siku ambazo kiwavi anakua ndivyo viamuavyo atavaa ipi. Kati ya misimu miwili, siku mvua zinapokatika, wote wawili huonekana pamoja juu ya ua moja, mama mwekundu na mtoto wa buluu.